Taratibu Zilizofichwa Ndani ya Mashine

Askari apokeaye lindo haulizi saa tu. Huuliza njia ipi imefungwa, ufunguo wa ghala uko kwa nani, na nani ameruhusiwa kupita usiku. Afisi nyingi zinazotunza hati na orodha zao katika programu ya SharePoint zimelazimika kuuliza maswali ya namna hiyo.

Ndani ya programu hiyo afisi ziliweza kujitengenezea mfuatano wa idhini. Ombi la likizo, tuseme, liliandikwa na karani, likaenda lenyewe kwa mkuu wake, kisha kwa afisa wa utumishi, pasipo mtu kubeba faili. Mwezi wa Julai 2020 Microsoft, kampuni yenye programu hiyo, ilitangaza kwamba mifuatano ya toleo la 2010 katika huduma yake ya intaneti ingeanza kuondolewa tarehe 1 Novemba mwaka ule ule. Hata miezi minne haikutimia! Kwa toleo la 2013 kampuni ilikuwa na huruma zaidi: tangazo lilitoka mwaka 2023, na siku ya mwisho ikawekwa 2 Aprili 2026.

Mrithi ni Power Automate, lakini mrithi huyu hakukabidhiwa urithi. Kampuni ilitoa chombo cha kukagua, kionyeshacho mifuatano iliyopo na mahali ilipo; kuijenga upya ni kazi ya afisi yenyewe. Wala mambo hayafanani. Mfuatano wa kale uliweza kumngoja mkuu aliye safarini kwa miezi mingi, ilhali katika Power Automate kila mwendo hukatwa baada ya siku 30. Isitoshe, mfuatano mpya aghalabu hufanya kazi kwa jina la aliyeutengeneza; akaunti yake ikifungwa, kazi husimama. Wanaojua uhamisho wa ghafla wataelewa uzito wa jambo hilo. Ni heri mmiliki wa pili aandikwe tangu mwanzo, apate kuunganisha upya kilichokatika.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, ugumu mkubwa haumo katika mashine. Aliyeuunda mfuatano miaka kumi iliyopita mara nyingi hayupo, wala hakuacha maandishi. Kwa nini ombi linalozidi kiasi fulani cha fedha lipite kwa mkuu wa pili? Karani wa masjala huenda akajua. Pengine hajui mtu. Hapana budi kuketi na watumiaji, kuandika kila hatua karatasini kwa lugha ya kawaida na kufuta zisizo na kazi, ndipo ujenzi uanze. Maombi yaliyo katikati ya njia nayo yaorodheshwe na kumalizwa mapema, kwa kuwa mfuatano ukizimwa hayatakwenda mbele wala kurudi nyuma, na mwenye ombi atabaki akidhani kwamba mkuu wake ndiye aliyelikalia.