Jongo: Maumivu Yakinyamaza, Maradhi Bado Yapo

Katika jamaa zetu, wawe wa Maskati, wa Dubai au wa London, mzee akianza kuchechemea husemwa kuwa ana baridi yabisi. Jina hilo tumelibebesha kila maumivu ya viungo, ya goti, ya mgongo na ya vidole. Lakini yako maradhi yenye jina lake khasa, nayo ni jongo. Inafaa tuyatenge na mengine, kwa sababu chanzo chake kinajulikana na dawa yake ipo.

Dalili zake hazifichiki. Mtu hulala mzima, na usiku wa manane akaamshwa na maumivu makali, mara nyingi katika shina la kidole gumba cha mguu. Wengine huanza kifundoni au gotini. Mahali hapo huvimba na kuwa pa moto, hata shuka likigusa mgonjwa hupiga kelele. Kwa weupe wekundu huonekana. Kwa weusi huenda usionekane. Baada ya wiki moja au mbili maumivu huondoka yenyewe, na mgonjwa akadhani amepona. Hapo ndipo penye mtego.

Jongo hutokana na asidi ya yuriki. Mwili huitengeneza unapovunja vitu viitwavyo purini, vilivyomo katika chembe zetu wenyewe na katika vyakula, kisha figo huitoa kwa njia ya mkojo. Mwaka 1848 daktari Alfred Garrod wa London alionyesha kuwa damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi hiyo kwa wingi. Ikizidi kwa muda mrefu, hugeuka fuwele nyembamba kama sindano, zikajikusanya ndani ya kiungo. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikijaa, maumivu huja mara kwa mara, vinundu vigumu huota chini ya ngozi, kiungo huharibika, na wengine hupata mawe ya figo.

Kwetu mgonjwa hulaumiwa kwa nyama na kwa biriani za harusini. Chakula kina sehemu yake, lakini kiasi cha theluthi mbili za asidi hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe, na watu wengi wamezaliwa na figo zisizoitoa vyema. Ndiyo maana utayaona maradhi haya kwa baba, kwa ami na kwa mpwa. Presha, kisukari, unene na maradhi ya figo huandamana nayo, na baadhi ya vidonge vya presha, vile vinavyomfanya mtu akojoe sana, huzidisha asidi. Akina mama nao, baada ya kukoma hedhi, hawana tena kinga waliyokuwa nayo. Basi tusimcheke mgonjwa, maana aibu humfanya afiche, na mficha maradhi mauti humuumbua.

Hata hivyo, mdomo una kazi yake. Vya kupunguza ni maini, figo, nyama nyekundu, dagaa na kamba. Pia bia, soda na vinywaji vingine vitamu, ambavyo wengi hawavidhanii. Dengu, maharage na mchicha havina lawama, na maziwa yaliyopunguzwa mafuta yanafaa. Maji yanywewe ya kutosha, khasa katika joto la Ghuba. Mwenye kufunga Ramadhani aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, na anywe maji kati ya futari na daku. Unene upunguzwe polepole, kwani kujinyima chakula kwa ghafla huweza kuleta maumivu.

Lakini kwa wengi kujizuia peke yake hakutoshi, lazima dawa. Nazo dawa ni za namna mbili: za kuzima moto na za kuondoa kuni. Za kuzima moto ni kolchisini, vidonge vya kupunguza uvimbe na prednisoloni, na barafu iliyofungwa kitambaani husaidia. Ya kuondoa kuni inayotumika zaidi ni alopurinoli, iliyoanza kutumika kwa jongo katika miaka ya 1960. Gertrude Elion na George Hitchings, walioshughulika nayo, walikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988.

Alopurinoli huanzwa kidogo, kwa kawaida si zaidi ya miligramu 100 kwa siku, kisha daktari huiongeza mpaka asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Uingereza huandika mikromoli 360 kwa lita, nacho ni kipimo kile kile. Basi ndugu wakiulizana kwa simu wasitishike. Katika miezi ya mwanzo maumivu huweza kurudi, kwa sababu fuwele zinayeyuka. Asiache dawa, daktari humpa kinga kwa muda huo. Ila akitokwa na vipele aiache na aonane na daktari siku hiyo hiyo. Na damu ikipimwa wakati wa maumivu asidi huweza kuonekana ya kawaida. Ipimwe tena baada ya wiki mbili au zaidi.

Yako mambo mawili ya hatari. La kwanza ni vidonge vya maumivu tunavyopelekeana katika masanduku kutoka nchi hadi nchi. Vikitumiwa ovyo hudhuru figo na tumbo, na mwenye presha, maradhi ya moyo au dawa za kuzuia damu kuganda asivimeze bila ya kumwuliza daktari. La pili ni kiungo kilichovimba pamoja na homa. Huenda si jongo bali ni vijidudu ndani ya kiungo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi tukikutana Idi hii, kila mwenye mzee aliyewahi kuugua jongo amwulize maswali mawili: asidi yako ilikuwa ngapi ulipopima mara ya mwisho, na vidonge bado unameza? Akijibu kwamba maumivu yalikwisha zamani, akaviacha, huyo ndiye wa kupelekwa kwa daktari kwanza.