Jina Si Sauti: Tuzihifadhi Vipi Kanda za Wazee Wetu?

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, tukiwa barazani nyumbani kwetu Igoma, mama aliomba asikilizishwe Barzanji aliyoisoma marehemu baba. Mdogo wetu akabonyeza simu. Ikatoka sauti nzuri, safi, yenye kuitikiwa kwa dufu. Mama alisikiliza kidogo, kisha akasema taratibu: “Mwanangu, huyu si baba yenu.”

Kanda ya baba ilirekodiwa sebuleni, mvua ikipiga mabati, na mwishoni anasikika akiomba kuletewa ubani. Fundi alituhamishia sauti hiyo kwenye kompyuta, na baadaye kanda yenyewe ikaharibika kwa ukungu. Mdogo wetu akaipandisha katika maktaba ya muziki ya mtandaoni kwa jina la “Maulidi Barzanji” tu, kisha, ili apate nafasi, akalifuta faili la asili.

Ndugu msomaji, maktaba nyingi za namna hii hazipokei kila sauti kama ilivyo. Kwanza huilinganisha na zilizomo katika ghala la kampuni. Zikiona inayofanana, hazichukui nakala yako, bali hukupa ya kwao. Nia yake ni kumpunguzia mteja kazi: iTunes Match ya kampuni ya Apple, iliyoanza Marekani Novemba 2011, ilimwezesha mtu kuweka nyimbo 25,000 kwa dola 24.99 kwa mwaka bila kuzipandisha zote.

Ulinganishaji huo una njia mbili. Ya kwanza hupima mawimbi ya sauti yenyewe, mfano wa alama za vidole tunapotoa katika kusajili laini za simu. Ya pili hutazama jina la wimbo na la msomaji. Hii ya pili ni nyepesi, lakini hupotosha. Apple Music ilipoanza mwaka 2015 iliwalinganishia wateja wake kwa majina, malalamiko yakawa mengi, na Julai 2016 kampuni ikaanza kuwahamishia kwenye alama za sauti.

Sasa fikiri: Barzanji ni moja, wasomaji wake ni maelfu. Anayeandika “Maulidi Barzanji” bila jina la msomaji, mahali wala mwaka, ameandika jina la kila mtu. Kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa la mashine.

Basi yafuatayo yafanyike katika kila nyumba. Mosi, faili lipewe jina kamili: msomaji, mtaa, mwaka na tukio. Pili, baada ya kupandisha, tazama hali ya faili: limelinganishwa au limepandishwa? Kama limelinganishwa, lisikilize lote, si mwanzo pekee. Likiwa si lenyewe, liondoe maktabani, rekebisha jina na ulipandishe upya. Tatu, kisomo kirefu kigawanywe vipande, kwani Apple haipokei faili linalozidi MB 200.

Nne, na hili ndilo kubwa, usifute asili. Apple yenyewe huwatahadharisha wateja kwamba Apple Music si huduma ya kuhifadhi nakala za akiba. Tena maktaba hizi hufungwa: Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa 2020, na wateja wakapewa hadi Februari 24, 2021 kuhamisha vitu vyao kabla havijafutwa. Weka nakala katika flashi, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.

Sisi tuliokolewa na shangazi wa Kisesa. Fundi alipomaliza kazi yake, shangazi aliomba naye atiliwe nakala katika memori kadi ya simu yake ya vitufe, nasi tukaona ni ushamba. Ijumaa iliyofuata alikuja nayo. Mvua ikasikika juu ya mabati, kisha baba akaomba ubani. Mama akajibu, “Labeka,” akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.