Swali la Ng'ombe wa Kibanjani: Kuandika Pendekezo la Utafiti wa Mifugo

Katika Ijumbi, wilayani Muleba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Buhaya, ng'ombe hufugwa kwa ajili ya migomba sawasawa na kwa ajili ya maziwa. Udongo wa eneo hili umeoshwa na mvua nyingi za Ziwa Viktoria, na uhafifu wake huonekana wazi katika rweya, yaani mbuga ya majani iliyo nje ya makazi. Kibanja chenye ndizi, kahawa na maharage kimestawi kwa kuwa vizazi vingi vilichunga rweyani mchana na kulaza ng'ombe nyumbani usiku, hata rutuba ya mbugani ikahamia kibanjani kwa njia ya samadi.

Mwanafunzi wa sayansi ya mifugo akijaliwa kutafiti hapa, aghalabu huanza na kichwa kama hiki: "Uboreshaji wa Lishe ya Ng'ombe wa Maziwa Mkoani Kagera." Hilo ni azimio la mkutano, si swali. Swali la utafiti ni lile ambalo jibu lake laweza kuwa "la". Kwa mfano: je, ng'ombe chotara anayelishwa vigogo vya migomba na majani ya rweya wakati wa kiangazi atatoa maziwa zaidi akiongezewa kilo 2 za majani makavu ya kaliandra kila siku?

Sababu ya kuuliza hivyo hapana budi ielezwe. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kigogo cha mgomba ni maji, na protini yake ni haba. Vijidudu vinavyomeng'enya chakula katika tumbo la kwanza la ng'ombe hulegea protini inaposhuka chini ya asilimia 7 hivi ya chakula kikavu. Kaliandra ina takriban asilimia 20, ingawa tanini zake huzuia sehemu ya faida hiyo.

Ndipo lifike suala la idadi, ambapo mapendekezo mengi huvunjika. Tuseme maziwa ya ng'ombe mmoja na mwingine yanatofautiana kwa mkengeuko sanifu wa lita 2 kwa siku, na mtafiti anatafuta ongezeko la lita 1. Akitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuliona, huku akikubali hatari ya asilimia 5 ya kudanganyika, atahitaji ng'ombe 63 katika kila kundi, yaani 126. Atawapata wapi, mahali ambapo kaya hufuga ng'ombe mmoja au wawili? Njia nafuu ni kumlinganisha ng'ombe na nafsi yake: wiki tatu bila kaliandra, wiki tatu pamoja nayo, majuma mawili ya mwanzo wa kila kipindi yakiwa ya kuzoea. Nusu yao waanze na kaliandra, nusu bila. La sivyo, maziwa yanayopungua kadiri siku zinavyopita tangu kuzaa yatadhaniwa kuwa matokeo ya chakula.

Lakini pendekezo lenye kupima maziwa peke yake lina kasoro kubwa zaidi. Mnamo 1998 F.P. Baijukya na mwenzake walichapisha urari wa rutuba wa mashamba ya Bukoba, wakaonyesha kwamba kaya zenye ng'ombe zilikuwa na hali bora kuliko zisizo nao. Aliyesoma hayo hawezi kuacha samadi nje ya vipimo vyake. Naye aipime ikiwa imekaushwa, kwani samadi mbichi hupimwa pamoja na maji yake. Aandike pia ni nani atakayekata majani, kwa saa ngapi, maana lita moja ya ziada iliyopatikana kwa kumwongezea mama wa nyumbani saa mbili za kubeba mzigo si faida ya wazi.

Ridhaa ya mwenye ng'ombe, na fidia iwapo mnyama atadhurika, vitajwe pamoja na gharama zake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda mnyama mwenyewe. Mizani na tanuri la kukaushia viingizwe katika bajeti mapema. Kisha itazamwe kalenda: kiangazi cha Muleba ni Juni hadi Agosti, na majaribio haya yanahitaji wiki sita. Pendekezo litakalopitishwa na kamati mwezi Agosti litangoja Juni ya mwaka unaofuata.