Cortina ya Baba: Kabla Hujaipima kwa Kilo

Je, msomaji, nyuma ya boma lenu kule Katangi kuna Ford Cortina kuukuu iliyokuwa ya baba, na siku hizi kuku hutagia juu ya viti vyake? Mnunuzi wa vyuma kuukuu akibisha hodi na mizani yake, usiharakishe. Kwanza ujue unachouza.

Gari hili lilizinduliwa Uingereza mwaka wa 1962 na kuundwa katika kiwanda cha Ford cha Dagenham. Wahandisi walitakiwa kutoa gari la jamaa nzima, lenye nafasi ya kutosha, lakini jepesi na la bei nafuu. Jina lilitokana na mji wa Cortina d'Ampezzo, Italia, kulikofanyika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1956.

Je, gari jepesi lingestahimili barabara zetu? Jibu lilikuja Pasaka ya 1964, pale Peter Hughes na Bill Young waliposhinda mashindano ya East African Safari kwa Cortina GT.

Mwishoni mwa mwaka uo huo, gari liliongezewa matundu ya kuingizia hewa kwenye dashibodi na ya kuitoa upande wa nyuma. Wewe ulijuaye joto la Yatta na vumbi lake waelewa faida yake: vioo hufungwa na watoto bado wakapumua.

Toleo la pili lilitoka 1966. La tatu, la 1970, lilikuwa pana zaidi, na injini yake ilifika lita 2. Utengenezaji ulikoma 1982, Sierra ikachukua nafasi.

Sasa ufanyeje? Usianze na injini. Hiyo fundi hodari wa jua kali aweza kuifufua. Inua mazulia, uchunguze sakafu, kingo za chini ya milango na mahali shokomzoba za mbele zinaposhikilia bodi. Cortina haina chesisi ya kando. Bodi ndiyo uti wa mgongo. Kutu ikishaula, gharama itakushinda.

Tena, ikiwa baba ametutoka, gari hilo ni urithi. Mama, kaka na dada zako wana sauti. Ukiliuza kisirisiri, ugomvi utadumu kuliko pesa za mizani. Ketini pamoja, mtafute kitabu cha usajili, kisha muamue: kulifufua, kumuuzia mpenzi wa magari ya kale, au kulikata.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.