Bwati ya otomatiki ya vitesi sita: tuangalie nini mbele ya kununua gari?

Kirimba zetu hazinunui tena sufuria na vitenge peke yake. Kuna vikundi vinavyoweka pesa pamoja mwaka mzima ili kununua gari: ya taksi, ya kubeba mizigo ya soko, ao ya kupeleka watoto masomoni. Gari nyingi zinazotufikia zimekwisha kutumiwa kule Japani, Ulaya ao Marekani, na nyingi ni za otomatiki. Bwati ya gari ya namna hiyo ikikufa, kuitengeneza kunaweza kula pesa yote iliyobaki katika sanduku la kikundi. Kwa hiyo tujifunze kidogo, tusiache mambo yote kwa muuzaji.

Inafanya kazi namna gani?

Katika gari ya kawaida, shofere anakanyaga ambreyaji na kubadilisha vitesi kwa mkono. Katika otomatiki, mafuta ndiyo yanayofanya kazi ile. Mafuta ya bwati yana kazi tatu: kulainisha vyuma, kupunguza joto, na kusukuma visahani vinavyoshika kila vitesi. Kompyuta ndogo inatoa amri, na vali ndogo za umeme zinafungulia mafuta njia. Mafuta yakichakaa, kazi zote tatu zinaharibika pamoja.

Bwati ya kwanza ya vitesi sita ya otomatiki ilitengenezwa na kiwanda cha ZF cha Ujerumani, ikawekwa katika BMW ya mfululizo wa 7 mwaka wa 2001. Leo tunaikuta hata katika gari za familia, kama Toyota RAV4 nyingi za miaka 2013 hadi 2018 zilizouzwa Marekani.

Je, ni ya kutegemewa?

Ndiyo, kama imetunzwa. Nyingi zinapita kilometa 200 000 bila kufunguliwa. Lakini kuna neno moja linalodanganya watu: eti mafuta ya bwati ni ya maisha yote, hayabadilishwi. ZF yenyewe inashauri kuyabadilisha kati ya kilometa 80 000 na 120 000, ao kila miaka 8. Kwetu, penye vumbi, joto, milima na mizigo mizito, ni vizuri kutangulia.

Magonjwa yanayojulikana

Kuchelewa kushika: unaweka D ao R, gari inangoja, kisha inaruka. Mara nyingi mafuta yamepunguka ao vali zimechafuka.

Kutetemeka: gari inatetemeka kwa mwendo wa katikati, kama inapita juu ya mawe madogo, hata barabara ikiwa nzuri.

Kuteleza: moteri inapiga kelele, lakini gari haiongezi mwendo. Visahani vimekwisha. Kwenye mlima, na watoto ndani, hiyo ni hatari kubwa.

Kuvuja: katika bwati za ZF za vitesi sita, kipande cha plastiki kinachopitisha waya za umeme kinajulikana kwa kuvujisha mafuta. Kipande ni kidogo, lakini kikiachwa, bwati nzima inakauka.

Maji kuingia: katika gari nyingi, mafuta ya bwati yanapozwa ndani ya radiyatere. Ikitoboka humo, maji na mafuta vinachanganyika na kuwa kama maziwa ya rangi ya waridi. Zima moteri mara moja.

Mbele ya kutoa pesa

1. Mkute gari ikiwa baridi. Kama muuzaji ameiwasha mbele mfike, ombeni kurudi siku ingine.
2. Shofere akanyage freni, aweke R, kisha D. Ishike pole na bila kukawia.
3. Ipandisheni mlima mkali, kisha mwende nayo barabara iliyonyooka. Vitesi zipande moja moja bila kupiga teke.
4. Tazameni chini ya gari: kuna alama ya mafuta?
5. Fundi atoe mafuta kidogo. Mekundu na safi ni dalili nzuri. Meusi yenye harufu ya kuungua, muache gari hiyo.
6. Fundi achomeke mashine inayosoma makosa katika kompyuta ya gari.

Namna ya kuitunza

Gari isimame kabisa mbele ya kutoka R kwenda D. Mukisimama kwenye mlima, tumieni freni, musishikilie gari kwa kukanyaga mafuta. Mukiegesha mlimani, vuteni freni ya mkono kwanza, ndipo muweke P. Mukishuka mlima mrefu, musiweke N; tumieni vitesi ya chini. Na gari ikikwama, musiivute kwa kamba safari ndefu: moteri ikizimwa, pompa ya mafuta haizunguki, na bwati inaungua.

Mafuta yawe yale kitabu cha gari kinataja. RAV4 tuliyotaja inaomba mafuta ya Toyota yanayoitwa WS. Haina kijiti cha kupimia. Fundi anapima kwa kufungua kizibo cha chini, bwati ikiwa na joto linalotakiwa. Fundi asiyejua hilo asiguse gari yenu.

Tuzungumze katika kikundi

Kama tuna gari: mafuta ya bwati yalibadilishwa lini, na nani aliandika tarehe? Kama tunataka kununua: tumeweka pembeni pesa ya fundi wa kuipima na ya kubadilisha mafuta mara ya kwanza? Shofere wetu, je, tumemueleza mambo haya?

Mama anayelea mtoto hangoji homa ipande ndipo atafute dawa. Tulinde hivyo hivyo jasho la kikundi chetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.