Kihisi cha kaboni dioksidi na hatari ya mazuku

Kaskazini mwa ziwa Kivu, katika mabonde madogo yaliyo magharibi ya Goma, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama. Wenyeji huiita mazuku, na wanajiolojia wa nchi nyingine wamelipokea neno hilo katika maandishi yao. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa takriban mara moja na nusu. Kwa hiyo hukaa chini, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia.

Siku hizi mwanafunzi aweza kujiundia kipimo cha gesi hiyo kwa vitu viwili: Arduino, yaani bodi ndogo ya kielektroniki iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na kihisi, kwa mfano MH-Z19. Makala hii yakusudia kueleza jinsi viwili hivyo vinavyoshirikiana, na mpaka wa kuviamini.

Neno kihisi latokana na kitenzi kuhisi, lakini chombo hiki hakinusi kitu. Ndani yake mna taa itoayo miali isiyoonekana. Kaboni dioksidi hufyonza miali yenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Kadiri gesi inavyozidi, ndivyo miali ifikayo upande wa pili inavyopungua, na kwa upungufu huo kihisi hukadiria wingi wa gesi.

Nyaya mbili hupeleka umeme wa volti 5. Mbili nyingine hubeba mawasiliano. Kihisi kikiisha kupata joto kwa dakika 3, bodi huuliza, nacho hujibu kwa baiti 9. Baiti ya tatu huzidishwa kwa 256, kisha hujumlishwa na ya nne. Zikija 3 na 32, jibu ni 800, yaani sehemu 800 katika milioni.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Hewa ya kawaida ina sehemu 420 hivi. Kihisi hicho, kilichokusudiwa madarasa na ofisi, aghalabu hukoma kwenye 5,000, yaani nusu ya asilimia moja. Mazuku yaweza kufikia makumi ya asilimia, ilhali asilimia 10 tu humpotezea mtu fahamu upesi. Basi 5,000 ikionekana, isisomwe kuwa kipimo. Ni ukomo wa chombo.

Tena, kihisi hujirekebisha kila saa 24, kikichukua kiwango cha chini kilichopimwa kuwa hewa safi. Penye gesi isiyoondoka, polepole kitaiita sumu hewa safi. Sharti kazi hiyo izimwe kwa amri ya programu, na chombo kirekebishwe mahali penye upepo.

Mwisho, kihisi kiteremshwe karibu na ardhi kwa waya mrefu, mpimaji akibaki juu. Na kiwango kikifika ukomo, kiooni isiandikwe tarakimu, bali neno ambalo kila mkazi wa Goma hulielewa: TOKA.