Pichadithi: Jina la Kiswahili, Matini ya Kiingereza

Historia ya fasihi ya watoto nchini Kenya huandikwa kwa kufuata vitabu vya maandishi, nayo machapisho ya vibonzo huachwa nje kana kwamba hayakusomwa. Makala hii inanuia kuutazama mfululizo mmoja ulioachwa hivyo, Pichadithi, uliochapishwa na kampuni ya Kul Graphics ya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tutautazama kutoka Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa sababu huko swali la lugha ya mtoto hujitokeza waziwazi kuliko Nairobi ulikochapishiwa.

Jina linalohusishwa zaidi na mfululizo huu ni la Terry Hirst, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyefundisha sanaa Kenyatta. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililochekesha kwa visa vya maisha ya mjini hadi lilipokoma mwaka 1979. Joe lilikuwa la watu wazima. Pichadithi ilisimulia upya ngano na visighairi vya Kiafrika kwa michoro ambayo hata mtoto angeweza kuifuata: visa vya Abunuwasi, kwa mfano, na kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake haukupenyeka kwa mkuki ila uhai wake ulikuwa kivulini. Kisa hiki cha pili si kigeni Busia, inayopakana na Siaya. Abunuwasi ndiye mgeni. Alitoka Baghdad akapitia pwani, na huku bara alimkuta Sungura amekwisha kukalia kiti cha ujanja.

Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa. Ni zao la uhulutishaji, yaani kuunganisha vipande vya maneno, kama tulivyopata chajio kutokana na chakula cha jioni. Picha na hadithi zimeshikana penye herufi "ha". Katika maandishi kiungo hiki hakionekani kabisa. Katika matamshi, hata hivyo, silabi "ha" ya hadithi imemezwa na "cha" ya picha. Ni uundaji wa kuvutia. Lakini msomaji akishafungua jalada, Kiswahili kinaishia hapo. Wahusika wanasema Kiingereza.

Isidhaniwe kwamba vibonzo vya Kiswahili havikuwapo. Edward Gitau alikuwa amemchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, kwanza katika jarida la Tazama, kisha katika Taifa Leo. (Jina hilo nalo lina utani wake: juha ni mpumbavu, na katika Kichewa kalulu ni sungura.) Juha, hata hivyo, aliishi gazetini, na gazeti la jana hufungiwa sukari dukani. Pichadithi ilikuja katika umbo la kitabu, kitu ambacho mtoto angeweza kukihifadhi na kumwazima mwenzake.

Kwa nini basi Kiingereza? Kwa maoni yangu, jibu limo katika mtihani. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, Kiswahili hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule ya msingi. Mzazi aliyetoa shilingi zake kwa ajili ya kitabu alitarajia zimrudie kwa alama, na mchapishaji alilijua hilo.

Huko mpakani uamuzi huu ulikuwa na uzito wa pekee. Mtoto wa Malaba huzungumza Kiteso nyumbani. Yule wa Busia, Kikhayo au Kisamia. Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, hivyo lugha hizo huvuka bila pasipoti. Lakini dereva wa lori aliyetoka Mombasa, mvunja fedha na mchuuzi wa samaki hukutana katika Kiswahili, na mtoto hukisikia kila siku kabla hajaingia darasani. Kiingereza hukikuta ubaoni. Mtoto wa namna hiyo akipewa Pichadithi atazifuata picha mpaka mwisho na kuyaruka maneno. Hirst alichora vizuri mno kiasi kwamba hadithi haitampotea. Kitakachompotea ni usomaji. Nasi twajua kwamba katika vibonzo mazungumzo ndiyo yabebayo mzaha, matusi na ujanja wa Abunuwasi.

Pengo hili lilishughulikiwa kwa dhati mwaka 1996, shirika la Sasa Sema la Nairobi lilipoanza kutoa vitabu vya vibonzo kwa Kiswahili, kikiwamo Abunuwasi cha Gado, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam. Mhusika yule yule sasa alisema lugha aliyopewa na pwani. Kufikia wakati huo Kiswahili kilikuwa kimetahiniwa kwa takribani mwongo mmoja, soko lilikuwapo.

Neno pichadithi halikushika. Leo tunasema katuni, vibonzo au hadithi za picha. Mpaka wenyewe uliunda neno lake bila msaada wa mchapishaji: waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo Busia na Malaba walilichukua neno la Kiingereza la mpaka, wakalikariri mara mbili, wakalipa irabu ya mwisho. Bodaboda imefika Kampala na Dar es Salaam.